Shina la Nyuma ya Jiko

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa miaka thelathini nimekuficha jambo moja, na kwa kuwa siku hizi daktari ananisalimia kwa upole mno, nimeona nikuandikie mapema.

Kwanza, habari njema. Jana tumekata mkungu wa chana kumi na mbili! Wanaume wawili waliubeba huku wakihema, na shemeji yako akawacheka: "Kama ndizi zinawatoa jasho hivi, siku ya kumbeba huyu mzee mtafanyaje?"

Fundi cherehani, jirani yetu, akaniuliza siri yangu. Nikamwonyesha shina: mama, mwana na mjukuu, basi. Machipukizi mengine yote hukatwa yangali machanga, yasije yakagombania chakula.

"Mzee, wewe ni bingwa," akasema.

Neno lile lilinichoma. Unakumbuka siku niliyokukuta na panga, umefyeka machipukizi ya shina la nyuma ya jiko? Nilikuita mharibifu mbele ya wageni, ukafunga mizigo yako, ukaenda zako. Baadaye nikakuandikia kwamba shina lile limekufa.

Halikufa, mdogo wangu. Mwaka uliofuata lilizaa kuliko yote, nami nikaanza kukata kama ulivyokata wewe, kimyakimya, nikipokea sifa. Njoo ule ndizi zako, nami ningali na meno ya kula nawe. Mkungu wa jana umetoka kwenye shina lilelile.

Kaka yako