Maneno ya Nassor Yaliyofutwa na Jua

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Umeanza kuukanyagia, au bado Dada Mwajuma anakushika mkono ukienda uani? Huku mimi mwili mzima, ila moyo unawaka. Nimeandika kwa sababu simu yako siku zote iko kwenye spika na nyumba nzima ya Lindi inasikiliza. Haya nataka uyasome peke yako, kabla Mjomba Hamidu hajakupigia. Kama ameshapiga, ujue umesikia nusu, tena ile nusu ya uongo.

Nimeondoka dukani kwake, ufundi wa TV nimemwachia mwenyewe.

Unamkumbuka yule mama niliyekusimulia, Bi Sheikha, Mwarabu wa duka la vitambaa kule Mchafukoge? Zamani kaka yake, marehemu Nassor, alikuwa na chumba cha gemu nyuma ya duka lao, zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Imebaki moja tu. Nassor na rafiki yake fundi walikuwa wameingia ndani ya mashine ile wakabadilisha maneno ya Kiingereza, wakaweka ya kwetu. Ukiwasha inaandika TIA SHILINGI. Ukifa mchezoni inaandika POLE BWANA, RUDI TENA. Mashine ya namna hiyo haipo kokote duniani, Mama. Ni ile ile moja.

Bodi yake, lile bao la umeme linalobeba akili ya mashine, ilinifikia dukani kwa Mjomba imeoza. Betri ilivuja, ikala njia za shaba. Nilisafisha kutu kwa mswaki, nikaunganisha njia moja moja kwa waya mwembamba kama unywele, karibu mwezi mzima. Siku ilipowaka nilimwita Bi Sheikha. Alisoma maneno yale kwenye kioo akashika mdomo. "Wallahi huyu ni Nassor," akasema. "Huyu ni Nassor anaongea." Tukakubaliana bodi ibaki dukani mpaka seremala amalize kabati la mashine.

Sasa, kumbukumbu ya gemu hizi inakaa kwenye chipu zenye kidirisha kidogo cha kioo, na juu yake hubandikwa stika. Stika ikitoka, jua likapiga siku nyingi, kila kitu kinafutika. Nilikuwa nimeanza kunakili chipu zote kwenye kompyuta ili zisipotee. Zilibaki mbili, zile za picha na maandishi. Mjomba akanizuia. "Kazi imeshaisha, unachezea muda. TV za wateja nani atazitengeneza?" Wiki hiyo hiyo nikapata habari ya mguu wako. Kabla sijapanda basi nilimwambia, "Mjomba, naomba stika zisitoke. Mwanga ukiingia, kumbukumbu inafutika."

Akanijibu, "Mimi nimeshika risasi ya kuchomelea kabla hujazaliwa."

Usije ukajilaumu kwamba nilikuja kukuuguza. Ningekuja hata mara kumi.

Niliporudi niliikuta bodi barazani, imeegemezwa juu ya meza, jua linaipiga usoni. Ameipangusa kwa spiriti, stika zote amebandua, eti ing'ae, wapita njia waone duka lake linatengeneza vitu vya ajabu. Wiki tatu nzima nilizokuwa kwako, kila siku, asubuhi mpaka jioni! Nikaiwasha. Takataka tupu kwenye kioo. Zile nilizonakili niliziandika upya. Zile mbili hazikuwa na kitu ndani.

Mama, kosa ningelisamehe. Kila fundi anaharibu. Lakini unajua kaka yako alisema nini? "Si nakala za gemu ya kawaida zipo kwenye mtandao? Weka hizo. Yule bibi kizee hatajua tofauti."

Nikamwambia, "Atajua. Maneno ni ya kaka yake."

"Basi mwambie zimekufa kwa uzee."

Nikakataa. Bi Sheikha alipokuja, Mjomba akanitangulia, mbele ya wateja wawili: "Samahani sana, mama, huyu binti kachoma chipu. Wasichana hawa, mkono haujakomaa." Alinitazama machoni akilisema hilo. Mimi niliyelea ile bodi kama mgonjwa! Nikasema yote pale pale: stika, baraza, jua, na hilo la "hatajua tofauti." Sikupunguza kitu. Mjomba akagonga meza. "Unanivunjia heshima dukani kwangu? Toka!" Nikachukua pasi yangu ya kuchomelea na mita yangu, nikatoka.

Bi Sheikha hakufoka. Aliniuliza tu pale mlangoni, "Kwa hiyo maneno yamekwenda?" Nikamjibu yamekwenda. Bora angenipiga kofi.

Juzi aliniita kwake, ghorofani. Alitaka angalau mashine ya kaka yake iwake. Nikamwekea zile nakala za kawaida za mtandaoni, mwenyewe akijua. Ikawaka vizuri, muziki, rangi, yote. Alikaa mbele yake, akasoma yale maneno ya Kiingereza, akanyanyuka akaifunika kwa kanga. "Si hii," akasema. Akaenda kunitengenezea chai.

Sasa nina meza yangu kwenye korido ya mafundi simu, hapa Kariakoo. Asubuhi nabadilisha sehemu za kuchajia. Mchana nafungua bodi za zamani ninazoletewa, na kabla sijagusa kutu, nanakili chipu zote. Wenzangu wananicheka. Wacheke.

Najua utaniambia, "Mwanaidi, yule ni mjomba wako, kamwombe radhi." Umenilea nikiinamisha kichwa mbele ya wakubwa, nami nimeinamisha miaka yote. Safari hii sitaenda. Nikienda, nitakuwa nimesema ni mimi niliyezifuta, na mimi sikuzifuta.

Msalimie Dada Mwajuma, umwambie asante kwa kukuogesha na kukupikia. Msalimie Shangazi Zena, jirani yetu Mzee Bakari, na watoto wa kaka wote. Mjomba Hamidu akipiga simu, usimpe salamu zangu. Mwambie tu barua yangu umeisoma.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi