Matawi ya Mungazi wa Kwetu

Bel-Air, Lubumbashi, tarehe 14 Mei

Kwako Chadia, rafiki yangu,

Nakusalimu sana, na kupitia kwako namsalimu tantine wako aliyekupokea na batoto wote wa hapo Likasi. Je, mafua yalipona? Baridi ya huko inakuacha usome? Sisi huku tuko wazima. Mama anakusalimu, na mutoto wetu Nono ameota meno mawili. Mimi pia, mwili ni muzima. Mengine nitayaandika polepole, maana kwa mdomo nisingeweza. Unanijua, hata «présent» darasani ninaisema chini-chini.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeandika kwamba ulimpa tantine viatu vyako vyeusi avichome, kwamba umeacha wanja na rangi nyeusi ya kucha, kwamba baba yako alisema kweli: mwenye kuvaa kilio bila maiti anakiita kilio, nacho kinamuitika. Umeandika pia kwamba darasa zima ni mimi peke yangu sikukucheka. Nilisoma mstari huo nikakunja karatasi.

Ninakumbuka asubuhi zako. Adalbert alikuwa anavua kofia ukiingia, wavulana wanasimama mstari kama mbele ya jeneza, wanakupa pole na kukuuliza nani alikufwa leo kwenu, Madame Morgue. Bijou alikuwa anasogeza kiti chake, ati uchawi unaambukiza. Wewe ulijibu kila siku kwamba hiyo ni gothique, ni mavazi na muziki tu, hakuna mutu alikufwa. Halafu unakaa karibu nami, unafungua daftari. Bale waliona kucha zako. Mimi niliona ulivyobonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Ule utepe mweusi baba yako aliokushonea, uliokata nusu ukanipa, nilikuwa ninauvaa chini ya mkono wa shati. Siku moja Bijou aliuona. Aliuliza kwa sauti darasa letu litakuwa na wajane wangapi. Tangu pale, wewe ukiwa hauko, nami niliitwa Mujane Mudogo. Sikukuambia. Nilikuwa ninaona haya, na haya yenyewe, Chadia, ilikuwa ya kufanana nawe.

Sasa ile Jumamosi. Wewe ulikuwa umepeleka nguo kwa mteja wa baba yako upande wa Luano, ukarudi ukakuta yote yamekwisha. Nikuambie yale hukuyaona.

Saa sita mchana matawi ya mungazi, mti wa mawese, yalikuwa yamesimamishwa mbele ya kiingilio chenu pale Kamalondo, vile yanavyowekwa penye maiti. Mama Mwelwa, jirani yenu, aliyaona wa kwanza. Alifunga kitenge kiunoni akaanza kulia. Wengine walikuja na mikeka, wakaketi chini bila kuuliza, maana kwetu matawi hayaulizwi, mutu analia kwanza. Kelele zilimtoa kambo yako, bibi yenu, chumbani. Alitazama matawi, akaita jina moja tu, Shafi, mtoto wake wa mwisho anayeendesha lori la shaba mpaka Kasumbalesa. Akaanguka penye mlango. Shafi alirudi Jumatatu, muzima kabisa, akamkuta mama yake mkono na mguu wa kushoto vimekufa, na lile jina hawezi tena kulitamka.

Utajiuliza nimeyajua namna gani. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya magunia ya muuza makala ya kuwashia moto.

Ni mimi nilikata yale matawi.

Ijumaa iliyotangulia Bijou aliuliza darasani ni nani ana mungazi kwao. Wote waligeuka kunitazama. Akasema kama mimi si mujane, basi nionyeshe: tupeleke matawi kwenu. Nilichukua panga la baba, nikakata matawi manne, Nono ameketi kwenye mkeka ananichekea. Nikayafunga katika kitenge cha mama, tukatembea kwa miguu, mimi, Bijou na Adalbert. Njiani mama mmoja muuza mikate aliona majani yanatokeza, akanipa pole. Nikamwitikia asante, mama. Adalbert alicheka mpaka akachuchumaa barabarani. Mawili waliyasimamisha wao. Mawili niliyasimamisha mimi. Kambo alipoanguka wao walikimbia. Mimi nilikimbia baadaye kidogo, ni hiyo tu tofauti yangu nao.

Kwa hiyo usichome kitu kingine. Nguo zako hazikuita chochote. Kilichomuangusha kambo ni panga la kwetu na mkono huu unaokuandikia. Miezi miwili nimekuacha ubebe mzigo wangu, na nilikuwa ninakuja kukupa pole.

Msamaha sikuombi, sina mdomo wa kuuomba. Nisalimie tantine na batoto. Ukiona jina langu linakuchoma, usilitaje, salamu zitafika hata hivyo.

Bahasha sikuifunga. Baba yako anakuja huko Jumapili kukuona. Kesho nitamupelekea barua hii penye mashine yake ya kushona, nimuombe aisome kwanza, nami nitasimama mbele yake mpaka amalize. Ikikufikia, ujue alimaliza.

Mimi, aliyekaa karibu nawe darasani,

Lombe