Tiketi Ilisema Kisumu

(Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la mwaka wa tisini na nane. Sijarekebisha kitu, hata pale nilipojisema vibaya.)

Jumapili asubuhi, kwa Mama, Manyatta. Mvua imekatika, bati linadondosha matone ya mwisho, na miguu yangu inauma kwa kucheza. Nina furaha mpaka naogopa kuisema kwa sauti. Lakini wacha niandike na aibu yangu pia, maana jana nusura niiharibu siku yenyewe.

Mdogo wangu Adhiambo ameolewa jana; misa ilipangwa saa tisa. Harusi ilikuwa imesogezwa mara mbili, ikingoja macho ya Mama. Mama alikuwa fundi wa nguo pale soko la Kibuye tangu sisi wadogo, mpaka mtoto wa jicho akamwondoa kwa cherehani. Miaka minne alikuwa hajatia uzi kwenye sindano. Adhiambo akakata shauri: "Siolewi mpaka Mama anione." Basi mume wangu, Baba Achieng', akampeleka kwa daktari Nairobi. Bandeji ilitolewa Alhamisi, na jana asubuhi tukaenda kupanda ndege sisi watatu, Mama na miwani yake nyeusi, na mimi katikati.

Mimi ndiye ukuta. Kwetu Wajaluo mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali nyumba moja. Wiki tatu Nairobi Mama alilala kwa binamu yake, na kila neno lake kwa mume wangu lilipitia kwangu, hata wakiwa chumba kimoja. Hao watu wanapendana sana, lakini wanapendana kwa mbali.

Ndege ya Kisumu ikafutwa. Hii mvua ya El Nino ilikuwa imejaza maji uwanja wa Kisumu. Wakatupandisha ya Eldoret, wakasema tukifika huko tutapangiwa.

Tulitua kabla ya saa nne. Kupangiwa kwenyewe kukawa kijana mmoja wa shirika, tai imemkaba shingo, na gari moja la Pijo nje. Abiria wa Kisumu tulikuwa kumi na mmoja.

"Bananeni kidogo tu, ni masaa matatu," akasema. "Asiyetaka ajitafutie gari mjini. Sisi tumeshawafikisha."

Watu wakaguna, wakaanza kuingia. Na mimi nikainamisha kichwa niingie. Naungama hapa: niliona ni sawa tu. Tumezoea.

Mama hakusogea.

"Baba Achieng' anakaa wapi?" akaniuliza. Nikachungulia. Ilikuwa imebaki nafasi ya watu wawili, na sisi tulikuwa watatu. Hata kama mimi ningepakatwa, wao wawili wangekaa paja kwa paja. Mume wangu akaelewa haraka, akasema yeye ataingia nyuma na mizigo.

"Mwambie Baba Achieng' yeye si mbuzi," Mama akaniambia, na mwenyewe amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. "Mtu amenipa macho, halafu nimfikishe kwa watu wangu kwenye buti?"

Ndani ya Pijo manung'uniko yakaanza. Mama mmoja mwenye kikapu alitoa kichwa dirishani: "Mama, tuhurumie basi, muda unaenda." Saa tano ilikuwa imegonga. Nikawa namwona Adhiambo amesimama kanisani peke yake, na padre ana harusi nyingine saa kumi. Machozi yalinikaribia. Nikamvuta Mama pembeni nikamwambia, kwa sauti ambayo leo inanichoma, kwamba desturi zake za zamani zitamkosesha harusi ya mtoto wake.

Hakukasirika. Alisema tu, "Toa tiketi yangu. Soma."

Nikasoma. Nairobi, Kisumu.

"Kuna mahali imeandikwa Eldoret?"

Hakuna.

"Kuna mahali imeandikwa nimpakate mkwe?"

Jamani! Mimi nimepiga taipu kwa wakili miaka tisa. Mikataba ya watu naijua kwa kichwa, na sijawahi hata siku moja kugeuza tiketi yangu mwenyewe. Nikaigeuza. Maandishi madogo kama siafu, lakini yapo: ndege ikikosa kufika, shirika litakusafirisha kwa njia nyingine mpaka pale palipoandikwa, au likurudishie nauli ya safari ambayo hukusafiri. Nikamsomea yule kijana kwa sauti, ile sauti ya ofisini. Nikamwambia watu ni kumi na mmoja, kwa hivyo viti ni kumi na kimoja, mpaka Kisumu.

Akasema hata Pijo ni gari.

Hapo Mama akamsogelea. "Mwanangu, umeoa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mama mkwe wako anakaa wapi?"

"Kapsabet."

"Sawa. Mpigie simu sasa hivi, umwambie unakuja mkae paja kwa paja masaa matatu."

Gari zima lilicheka. Kijana naye alicheka, akafunika uso kwa faili. Mume wangu maskini alikuwa anachunguza viatu vyake. Kisha yule mama wa kikapu akashuka, akasema, "Kwani mimi sikulipia kiti?" Akafuatwa na mwingine, na mwingine, mpaka Pijo ikabaki na dereva peke yake.

Haikufika nusu saa tukaletewa Nissan, basi dogo la wafanyakazi wao, pamoja na chai na mandazi. Mama alikunywa akiangalia ukuta. Baba Achieng' alikunywa yake nje, nyuma ya nguzo. Tukaondoka, Mama mbele na dereva, mkwe kiti cha mwisho kabisa, kila mtu ameketi kama mtu.

Tulipoteremka kilima cha Riat, ziwa likajitokeza lote. Mama akainama kwenye kioo. "Nani amelima ziwa?" Alikuwa amesikia tu habari ya gugumaji, majani yaliyofunika maji, hajawahi kuliona. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Kanisani tulifika saa tisa na dakika kumi. Padre alikuwa mlangoni anaangalia saa. Adhiambo alikuwa amekataa katakata kuingia. Mama akashuka, akavua miwani ambayo daktari alimkataza kuivua, akamwangalia mtoto wake toka shela mpaka viatu. Akamzunguka polepole.

"Nani ameshona hii?" akauliza. "Pindo la kushoto limeshuka."

Uwi! Adhiambo alilia, mimi nililia, hata Baba Achieng' kule mbali alitoa leso. Miaka minne Mama hakuwa ameona pindo la mtu yeyote. Akaomba sindano. Padre akatazama saa yake tena. Mama akatia uzi mara ya kwanza bila kukosa, akapiga magoti pale kwenye ngazi, akalishona.

Nimemwomba msamaha jana hiyo hiyo, kabla ya keki. Akaniambia nipunguze makelele nimletee soda.

Sasa hivi amemaliza chai, anataka kujua cherehani yake tuliweka wapi. Iko stoo, chini ya magunia, na kutu juu yake. Naweka kalamu chini. Cherehani inataka mafuta, na Mama ameshasimama mlangoni ananingoja.