Rafu ya Juu ya Friji

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Barua hii naomba ikukute umeketi, na kama umesimama, keti kwanza. Presha inaendeleaje? Na lile goti? Mjomba aliniambia kwamba hata chai inakushinda, kwamba unapiga mafunda mawili na kusukuma kikombe kando. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama. Nimepanga chumba nyuma ya duka la mbao, chenye kitanda, ndoo na dirisha lisilofungika, na humo ndimo ninamoandikia.

Ningeweza kukupigia simu. Sikupiga kwa sababu najijua: ukilia mara moja tu, nitasema yote, hata lile nisilotakiwa kulisema. Kwenye karatasi naweza kwenda kwa mpangilio wangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibatiza Kobe, basi nivumilie mwendo.

Naanzia asubuhi ile ulipofungua friji ukakuta vichupa vya dawa ya sukari ya mdogo wangu Cheche viko palepale, rafu ya juu, na kitanda chake kitupu. Sitasahau ulivyokaa sakafuni na mlango wa friji ukiwa wazi. Ulisema huyu ni baba yake mtupu, yule aliyeamka siku moja akatangaza amepona sukari, akatupa sindano, na muda si mrefu tukamzika. Mjomba naye akasema kijana wa miaka ishirini akipandwa na hasira haulizi njia, kwa hiyo tusipoteze muda kukaa na kufikiri. Jana yake mlikuwa mmevutana, yeye akitaka kujidunga mwenyewe, wewe ukimjibu kwamba mtu asiyeweza kusubiri chai ipoe hakabidhiwi sindano. Sote tulicheka. Hata yeye alicheka, nakumbuka.

Basi nikavifunga vile vichupa kwa kitambaa visigande, nikavitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu, nikaondoka.

Unamkumbuka yule mwalimu wa ushauri aliyekuja shuleni akatugawa kwa maswali yake? Alisema vijana huamua kwa namna nne: wapo wanaotanguliza moyo, wapo wanaotanguliza hesabu, wapo wanaosikiliza wenzao watasema nini, na wapo wanaokaa kimya mpaka jambo lijiamue lenyewe. Cheche akawekwa kwa watu wa moyo, mimi kwa watu wa hesabu, na tangu hapo nyumbani kwetu mjadala ukafungwa. Kwa hiyo nilijiambia kwamba ili nimpate Cheche, lazima niamue kama Cheche. Stendi nikapanda basi la kwanza lililowasha injini, bila kuuliza liendako. Kondakta aliponiuliza nashuka wapi nikamwambia sijui. Akawatangazia abiria kwamba leo wamebahatika, wamebeba mtalii.

Nikashuka palipochangamka. Nikauliza kwenye vibanda vya muziki, kwenye viwanja vya mpira, kwa vibarua wanaosubiri malori, kila mahali ambapo mtu wa moyo angevutwa. Na muda wote nilikuwa nikiwaza: sasa kiu imemshika, sasa anatapika, sasa anavuta pumzi kwa shida kama baba. Hospitali nilizokuta njiani niliingia zote. Kisha, mama, nikaenda chumba cha maiti. Mhudumu wa pale, mzee mwenye viatu vya mpira, alinifunulia kijana mmoja asiye na ndugu. Alianza kuifunua shuka miguuni, na kwa vile vidole vilivyofanana na vya Cheche nilikuwa na hakika ni yeye. Hakuwa yeye. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nimesimama mbele ya mtoto wa mama mwingine. Mzee aliniambia taratibu kwamba wote husema hivyohivyo, nisione haya. Siku hiyo kwenye shajara yangu, ambayo siachi kuiandika hata nikiwa na homa, niliandika tarehe tu.

Nilirudi mjini kwetu bila kukuambia. Nilipita nyuma ya nyumba, nikaona taa yako inawaka, nikashindwa kubisha. Asubuhi nikaenda kliniki Cheche alikokuwa akitibiwa. Sikwenda kumtafuta. Nilikwenda kuuliza mtu anaweza kuishi kwa muda gani bila ile dawa.

 Nesi aliniuliza kama mdogo wangu amefika salama kliniki yake mpya. Nikamwambia sielewi. Akasema kwani hamjui, yule bwana mdogo alikuja kabla hajaondoka kuomba barua ya uhamisho, akajifunza kujidunga mbele yake mpaka mkono ukaacha kutetemeka, akapewa dawa ya kuanzia na kifuko cha kuihifadhi. Akamsifu kwamba katika vijana wake wote hajaona mpangaji kama huyo. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

Mama, ni kwa nini hatukuuliza pale tangu siku ya kwanza? Kwa sababu tulijua kwamba mtu wa haraka hapitii kliniki kuaga. Tulimtafuta mtu ambaye hakuwapo, na mimi nilimtafuta hadi miongoni mwa wafu.

Nesi aliutaja mji. Nikaja, nikakaa kwenye benchi la kliniki ya huku siku ya wagonjwa wa sukari. Akaingia na kadi yake ndani ya mfuko wa nailoni, akanitazama, akasema kumbe Kobe naye ana mbio. Tulikumbatiana pale mlangoni mpaka mlinzi akatuomba tuwapishe wagonjwa. Ndiyo, mama. Yu hai. Ningeliandika hili juu kabisa ya barua, lakini najua ungeishia hapo, ukachukua mtandio wako, ukaenda stendi.

Anafanya kazi kwenye karakana ya kukata vioo. Najua umeshika kifua: kioo, kwa mtu ambaye kidonda chake hakiponi upesi. Mimi pia nilimgombeza. Akanikalisha nimwangalie. Alikipima kioo polepole, akarudia, akakifuta, akapima tena, nami nikachoka kwa niaba yake. Halafu akavuta kikatio mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, bila kusita. Akaniambia ukisita katikati kinapasuka kinakotaka chenyewe. Fundi wake akanitania ati huyu kijana wenu ni mzito mno, wateja huzeeka wakimsubiri. Mzito, mama! Cheche wetu!

Nilimuuliza kwa nini aliacha dawa zako ili tufikiri amekwenda kufa. Akasema hakuliwaza hilo; zile zilikuwa dawa za mama, mama alizinunua, mama alizihesabu, yeye alikuwa na zake. Nilipomsimulia ulivyokaa sakafuni alijifunika uso kwa aproni. Akasema kila alipotaka kukueleza mpango wake, hata kabla ya neno la pili tulikuwa tumeshacheka.

Sasa ninakuja kwenye lile linaloninyima usingizi. Jumapili uliponipigia ukaniuliza kama kuna fununu yoyote, nikakujibu kwamba bado natafuta, nilikudanganya. Cheche alikuwa ameketi karibu yangu akijidunga. Aliniomba nisikuambie mtaa wala karakana, nami nimemuahidi. Anwani yake sitaiandika hapa, mama, wala sitaitaja ukinililia.

Usidhani naandika haya nikiwa nimetulia. Kidole gumba chake kina bandeji ya jeraha ambalo halijafunga. Wenzake waliniambia kwamba siku moja sukari ilimshuka akaanguka karakanani, wakamnywesha maji ya sukari. Analala peke yake, na mlango huufunga kwa ndani. Yote hayo nimeyaona, na bado nimekubali abaki. Kama nimekosea, nitakuwa nimemwacha mdogo wangu afe nami naijua nyumba, naujua mlango, namjua na mwenye nyumba. 

Na jambo jingine. Yule mwalimu hata mimi alinikosea. Sikuwa mtu wa hesabu. Nilikuwa wa lile kundi la nne. Posa ya fundi redio ilijiamua yenyewe alipochoka kusubiri, kozi ya ualimu ilijiamua nafasi zilipojaa, nanyi mkaniita mwenye busara. Hili la Cheche ndilo la kwanza nililolikata kwa mkono wangu. 

Dawa nilizobeba ziliharibika, barafu iliyeyuka njiani. Ile rafu ya juu usiiache tupu, mama, utakuwa ukiitazama kila ukifungua friji. Weka maziwa. Cheche atakupigia mwenyewe, ingawa hakusema lini. Simu ikiita kwa namba usiyoijua, nakupigia magoti, usianze na sindano. Msalimie kwanza. Halafu muulize kuhusu vioo, umwache amalize.

Mjomba msalimie, umwambie asiende stendi kunisubiri, bado sirudi. Kunywa chai, hata nusu kikombe. Nakutakia usiku wenye usingizi, ule ambao mimi sina.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na ninayeogopa,

Kobe