Kiti cha Kushoto cha Thunderbird

Barking, London
8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Ghalia,

Basi pale simu ilipokatika jana ndipo nilipokuwa nafika kwenye habari ya gari, na habari ile haifai kukatwa! Lakini kwanza, mguu wako unaendeleaje? Plasta imeshatolewa? Sisi wazima, na mimi nina furaha mpaka naona haya. Ziyad akienda kazini namchungulia dirishani mpaka apinde kona.

Unalikumbuka Thunderbird la marehemu baba yake, Mzee Matar? La Kimarekani, milango miwili, refu kama sebule. Kila sikukuu akitupakia watoto wa mtaa mzima, na akikata kona taa za nyuma zikikimbizana, moja baada ya moja. Zamu yangu ikiisha nalia! Usukani uko kushoto, tena unasogea kando kumpisha dereva ashuke.

Tangu Mzee afariki, mama mkwe wangu, Bi Kijakazi, hakutaka hata kulitazama. Alikwishapata mnunuzi. Alikubali litubebe harusini tu, kisha liende zake. Siku ya harusi Ziyad alilipangusa asubuhi nzima, nami moyo ukaniuma kwa ajili yake.

Saa ya kutolewa nyumbani ikafika. Nimefunikwa uso gubigubi, somo yangu ananiongoza. Akanikalisha mbele kushoto, wanakokaa abiria London nzima! Ziyad alikuwa ameshuka na usukani ameusogeza kando. Nakaa tu, nasikia watu wanavunjika mbavu.

"Jamani, bibi harusi ndiye dereva!"

"Na bwana harusi je? Mtieni kwenye buti!"

Ziyad akaingia upande wa pili, akafunga mlango. "Twende, mke wangu. Mimi abiria."

Mara watu wakapisha njia. Bi Kijakazi, aliyekuwa amejikalia ndani kusudi asilione gari, ametoka. Nikataka kuinuka, akanibonyeza bega.

"Kaa, mwanangu." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Nilidhani kuliona kutaniua. Kumbe bado linachekesha watu, kama mwenyewe. Ziyad, kamwambie yule mtu haliuzwi."

Shangazi, vigelegele vile Barking haijapata kuvisikia! Ziyad alinishika mkono njia nzima, hata kwenye taa nyekundu watu wakitutazama hakuuachia. Mjomba wake ndiye aliyetuendesha, sisi tumehamia nyuma.

Nisalimie Harith na watoto wote. Mungu akuondolee maumivu, akuzidishie umri wenye raha. Nawe usijisumbue kupika: kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Cardiff na gari letu, Ziyad, mimi, na Bi Kijakazi, ambaye keshasema kiti cha mbele ni chake.

Mwanao anayekupenda mno,
Najla