Mashine ya Kukalia Uliyoiomba

Baba Elirehema,

Mashine imekuja. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na unanijua, ukiniona nazunguka ujue nina kosa. Imewekwa kwenye banda la kahawa, pale tulipokuwa tunapanga magunia. Ina kiti. Ina usukani. Mtu anakaa, anawasha, majani yanakatika. Ni kama ulivyosema.

Mwandiko usiucheke. Kisomo cha watu wazima nilikikimbia kwa hasira kwa sababu mwalimu alikuwa mdogo kuliko mwanangu, ukanimalizia herufi wewe jikoni, kwa mkaa, kwenye ubao wa kukatia nyama. Hukunifundisha kuziandika zisilale. Zilale tu, mimi mwenyewe nimechoka.

Siku ile ulipoiomba naikumbuka yote. Ulikuwa umetoka kupeleka ndizi kwenye lile shamba la maua upande wa Usa River, ukamkuta mtu amekaa kwenye kitrekta anakata majani huku anapiga mluzi. Ukaja ukasimama mlangoni, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Ukasema, "Mama Elirehema, siku hizi mambo ni ruksa, kila kitu kinaingia. Ningepata ile ya kukalia." Mimi nilikuwa nakoroga loshoro, mahindi na maziwa mgando. Sikugeuka. Nikakujibu, "Ya kukalia? Kwani kusimama kumekushinda?" Ukacheka. Ukachukua fyekeo lako ukarudi kwenye mteremko, na hukuiomba tena mpaka tukakuzika.

Daktari alisema ni moyo, ungesimama hata ungekuwa umelala kitandani. Namheshimu daktari. Lakini si yeye aliyekukuta umekaa pale chini, mahali panapoteremka sana kuliko pote, mgongo umeegemea mti wa mringaringa, fyekeo mapajani kama mtu anayepumzika kidogo. Mimi ndiye niliyekukuta. Nilikuja kukugombeza chai inapoa.

Na yale majani hukuyataka. Wewe ulitaka kahawa. Bei ilipoanguka, Elirehema akasema tung'oe mibuni, wageni wanaokuja kupanda mlima wanatafuta mahali pa kupiga mahema. Ukaing'oa mwenyewe, mibuni ya baba yako, hukutaka kibarua aiguse. Ukasema, "Nimelima kahawa tangu nina meno ya utoto, leo nalima majani ya wazungu kulalia." Lakini uliyalima. Uliyakata yakawa kama zulia la madhabahuni, mpaka watu wa Makumira wakawa wanapanda Jumapili baada ya ibada kuja kuyaangalia tu. Na mimi nilijivuna. Nilijivunia mgongo wako.

Sasa nikuambie ya baada yako.

Msiba ulipoisha tu, mdogo wako Zakaria alichukua fyekeo. Hakuna aliyemwomba. Nilimwambia, "Shemeji, wewe una kifua, acha." Akasema, "Majani hayajui kama kuna msiba." Akawa anakuja kila alfajiri na lile koti lako la mvua, nami nikimwona kwa nyuma moyo unaruka. Wakati wa baridi, majani yakiwa mabichi, aliteleza. Hakusema. Nilimwona anakunywa chai na soksi ndefu kama mchezaji wa mpira, nikamwambia, "Vua." Akasema, "Shemeji, mbele ya watoto?" Nikaivua mwenyewe. Fyekeo lilikuwa limempitia kwenye muundi, na kidonda amekifunga na jani la mgomba.

Basi siku ile nilisema sitamzika ndugu wa pili kwenye mteremko mmoja. Nikamwita Elirehema nikamwambia mashine inunuliwe. Akaniangalia tu. Afadhali angesema, Baba Elirehema. Alikuwepo jikoni siku ile ya loshoro.

Tulikwenda Sekei kwa kijana mmoja wa Kichaga anayeuza vitu vilivyotumika huko Ulaya. Uani kwake kuna majokofu, baiskeli, jenereta, mpaka beseni la kuogea. Kulikuwa na mashine mbili. Moja nyekundu, inang'aa, kiti kirefu kama cha mkuu wa wilaya, magurudumu membamba. Ya pili fupi, pana kama ng'ombe mwenye mimba, rangi imebanduka, magurudumu yana meno kama ya trekta, na nyuma ya kiti kuna chuma kimepinda kama upinde wa harusi. Nikauliza kile chuma ni cha nini. Akasema, "Bibi, hicho ni urembo wa zamani, ukitaka nakikata."

Nikamwita Mangi, kama tunavyowaita Wachaga wote, nikamuuliza kuhusu ile nyekundu, "Mangi, hii inapanda mlima?"

"Bibi yangu, hii inapanda mpaka kileleni Meru."

"Sijakuuliza kileleni. Na kushuka?"

Akacheka, akasema niijaribu kwangu kwanza, ataileta kwa pikapu. Nikaichagua nyekundu. Sikuichagua kwa kitu kingine ila uzuri. Nilitaka ukiiona huko uliko uone sikukununulia takataka. Unaona akili hiyo? Nakununulia wewe, na atakayeipanda ni Zakaria.

Ikaja. Zakaria akapanda, amevaa kofia ya kanisani. Yule Mangi akasema, "Mzee, hizi huendeshwa kupanda na kushuka, moja kwa moja. Usipite ubavuni." Nikamrukia. Nikamwambia, "Wewe umezaliwa mlimani kweli? Huku kwetu mtu anayelima kwa kushuka anapeleka udongo wake Makumira. Bwana shamba alikuwa anatupiga faini. Kila kitu kinapita ubavuni, kwa kukinga mteremko." Elirehema akasema, "Mama, muuzaji ni yeye." Nikasema, "Na mwenye mlima ni mimi." Mangi akarudi kwenye pikapu yake, mteja ni mteja. Nami nikasimama chini, mikono kiunoni, nikapiga kelele kama nilivyokuwa nawapigia vibarua wa kahawa: "Kinga, Zakaria! Kinga mteremko!"

Akakinga. Alikwenda vizuri mpaka karibu na mringaringa. Pale magurudumu ya upande wa juu yakainuka, polepole, kama mbwa anavyoinua mguu. Zakaria alijirusha upande wa juu. Mashine ikabiringika, ikabiringika tena, ikasimama kwenye mfereji miguu juu, kisu bado kinazunguka. Kisha ikazimika.

Zakaria alikuwa amekaa kwenye majani bila kofia. Akanitazama, akasema, "Shemeji, kama unataka niende kwa kaka, niambie tu. Nitakwenda kwa miguu."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikakaa palepale, na nilipokuwa nimekaa nikaona nimekaa wapi, chini ya mringaringa.

Jembe na mashine si kitu kimoja. Jembe halina uzito wa kumwangukia mtu. Jambo hilo hata kuku angelijua, na aliyetusaidia kulijua nilimfokea uani kwangu mwenyewe. Lakini si hilo linalonikaa kooni. Linalonikaa ni kwamba wewe nilikunyima kwa mdomo huu, na Zakaria nikamwamuru kwa mdomo huuhuu, na nyote wawili mlinitii. Hamkunibishia. Kwa nini hukunibishia, Baba Elirehema? Ungenigombeza mara moja tu. Ungesema, ndiyo, kumenishinda.

Ile nyekundu Mangi aliichukua, akainyoosha mwenyewe, hakutudai kitu, alikuwa ametishika kuliko sisi. Tukarudi kwa ile mbaya. Safari hii nilifunga mdomo nikaangalia. Tuliiweka kwenye mteremko, imezimwa, breki imevutwa, tukasubiri tuone itatambaa. Haikutambaa. Kisha tukaiwasha, nikamwambia Zakaria akae ainuke, akae ainuke, mpaka akaniuliza kama ni ibada. Nilikuwa napima: ile ukiinuka kitini kisu kinasimama chenyewe. Kile chuma cha nyuma nilimkataza Mangi kukigusa. Nimeshaelewa kazi yake: ikibiringika, chuma kinashika ardhi kabla ya mtu. Zakaria anapanda moja kwa moja na kushuka moja kwa moja, anageuzia juu kwenye tambarare, na kukiwa na umande anangoja jua likaushe. Hataki kungoja. Namfungia ufunguo kwenye khanga.

Na pale chini kwenye mringaringa hapakatwi tena na mashine yoyote. Elirehema alilalamika, wageni wanapapenda kwa sababu mlima unaonekana wote. Nimemwambia wageni wauangalie wakiwa wamesimama juu. Tumepanda mabingobingo pale, yameshika vizuri, ng'ombe wako anakula. Nilitaka pafunikwe. Hilo nalo nakuambia.

Kwa hiyo kazi inakwenda. Jua la saa nne linamkuta Zakaria ameshamaliza, anapangusa mashine kwa shati lako kuukuu. Kifua kimepungua kukohoa. Juzi aliniambia, "Shemeji, kaka angeipenda hii mpaka angelala humo kitini." Alisema kwa mapenzi, hakunichoma. Nimechomeka.

Ikiwashwa tu, mimi naondoka. Naingia nyuma ya jiko, nachambua maharage ambayo nimeshayachambua. Siwezi kuusikia ule mngurumo. Ni sauti ya kitu rahisi kabisa ambacho ningekupa, ukiwa hai, ukapiga mluzi.

Leo nimekuja kaburini na jani la sale, nimelichomeka kwenye udongo upande wa kichwani. Mchungaji akiuliza nitasema ni ua. Wewe unajua ni la nini. Kwa walio hai, mtu akiletewa sale hana ruhusa ya kukataa msamaha, kwa waliolala sijui, hakuna aliyerudi kunieleza. Kama unataka kukataa, kataa. Sikuharakishi. Wewe ulinisubiri kwenye mambo mengi.

Lala, mume wangu. Watoto wazima, ng'ombe mzima, nyumba haivuji. Ninachokuahidi ni hiki: kesho Zakaria akiwasha, sitakwenda nyuma ya jiko. Nitatoa kigoda changu nje, nikae mahali ninapouona mteremko wote, nisikilize ule mngurumo mwanzo mpaka mwisho, na nisiinuke mpaka nimwone ameshuka kitini na kusimama kwa miguu yake.

Mkeo,
Mama Elirehema