Choo Kimoja na Mkwe

Jumanne, Masii

Eti choo kimoja! Kijana wangu Mutua ananijengea nyumba, sawa, Mungu ambariki, lakini leo ameambia fundi aondoe choo cha nje kwenye ramani ili pesa itoshe. Sasa bwana ya binti yangu Mutheu akija, tupishane na yeye mlangoni na taulo, mimi mama mkwe wake? Kwa mila yetu hata mkono hatusalimiani!

"Mami, hiyo ni mambo ya zamani," Mutua akanicheka, mbele ya fundi.

Nilikasirika sana. Mkwe akiona haya hatakuja, Mutheu naye hataacha bwana nyuma. Wajukuu nitawaona wapi?

Nimeambia fundi akate veranda yangu, ile nilikuwa naitaka sana, na pesa yake ajenge choo cha nje. Nitaota jua kama kuku, lakini watoto wangu watakuja.